Majirani Walipokuja Kumlilia Kemuma

Kule Nyaramba, asubuhi za masika huja na ukungu mzito, kiasi kwamba utamsikia ng'ombe wa jirani kabla hujamwona jirani mwenyewe. Kemuma alikuwa amezoea. Kila siku ya likizo ya Aprili aliamka, akawasha moto jikoni, akateleka maji ya kuoga ya nyanya yake, kisha akachukua mtungi wa plastiki na kuteremka chemchemini. Mama yake, Bonareri, alikuwa tayari shambani akichuma majani chai, kikapu mgongoni, akigeuka kila mara kuutazama mlango wa nyumba. Kijiji kizima hakuna mtu mwingine aliyechuma chai kwa kugeuza shingo namna ile. Alikuwa akiuchunga mlango kuliko alivyoitazama chai.

Aliyekuwa nyuma ya mlango huo ni Nyanya Nyakerario, mama mzazi wa baba yake Kemuma. Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, Nyanya alikuwa mwanamke wa kuogopwa sokoni. Usingethubutu kumuuzia ndizi changa ukamwambia zimekomaa. Ulimi wake ulikuwa mkali, kicheko chake kikubwa, na wajukuu wake aliwapenda kwa makelele. Kemuma ndiye aliyependwa zaidi, na kila mtu alijua sababu. Alipewa jina la mama yake Nyanya, yule Kemuma wa kwanza aliyefariki miaka mingi iliyopita. Nasi Abagusii, yaani Wakisii, mtoto akipewa jina la aliyetangulia hupewa na heshima zake. Kwa hiyo tangu Kemuma akiwa wa kubebwa mgongoni, Nyanya alimwita "mama". "Mama, njoo nikufunge viatu." "Mama, leo uji umeumaliza?" Watu walicheka, naye Kemuma akajiona mkubwa kweli.

Halafu utani ule ukaacha kuwa utani.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Nyanya alitia chumvi kwenye chai, akatia tena. Akaulizia mumewe amekwenda wapi, na mumewe alizikwa pale pale nyuma ya migomba. Siku moja Baba, ambaye jina lake ni Nehemiah na ana duka la vifaa vya ujenzi kule Ogembo, alikuja nyumbani kama kawaida yake ya kila Ijumaa jioni. Nyanya alimtazama kwa adabu, akamuuliza, "Kijana, wewe ni wa nani?" Baba alikwenda nyuma ya zizi akakaa huko mpaka macho yake yakakauka. Na tangu siku hiyo Nyanya alipomwita Kemuma "mama", hakuwa akitania tena. Aliamini kabisa kuwa mama yake amerudi.

Mzigo wote ukamwangukia Bonareri. Baba hangeweza kumwogesha mama yake wala kuingia chumbani mwake, kwa maana heshima ya Kikisii haimruhusu mwana mkubwa kufanya hivyo. Basi ni Bonareri aliyemwogesha mama mkwe wake, akamvisha, akamlisha, akamfuata alipotoka. Na Nyanya alipenda kutoka. Alfajiri moja alipatikana katikati ya chai ya jirani, akichuma kwa mikono miwili bila kikapu, majani yakidondoka miguuni pake. Mtu mmoja alimwona. Kuanzia hapo ndipo Mama alipoanza kufunga mlango kwa kufuli.

"Unajua watu," alimwambia Kemuma. "Kijiji cha ng'ambo kulikuwa na mzee wa kike aliyekuwa akizunguka mashambani alfajiri. Mgonjwa tu kama Magokoro wetu. Watu walisema ni mchawi. Watoto wake wakakosa wa kuwasalimu. Sitaki hayo yatufike. Mtu akikuuliza, sema Magokoro ana miguu mibaya, hawezi kutembea. Umesikia?"

Magokoro ndiyo nyanya kwa Ekegusii, na ndivyo wote nyumbani walivyomwita.

"Nimesikia, Mama," Kemuma alijibu. Lakini moyo wake haukutulia. Alikuwa mtoto wa kanisani, mtoto wa kusimama mbele kila Sabato akisema mafungu ya Biblia kwa moyo, na hakuzoea kusema uongo.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa tunayoisimulia, alimkuta Joyline chemchemini. Joyline alikuwa mwanafunzi mwenzake wa Gredi ya Saba, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Kemuma! Magokoro wako yuko wapi siku hizi?" Joyline aliuliza, akiusuuza mtungi. "Nyanya yangu Tryphosa anamuulizia kila siku. Anasema walikuwa wakienda soko pamoja hata kabla baba zetu hawajazaliwa."

"Ana miguu mibaya."

"Miguu gani? Si alionekana kule kwenye chai?"

"Ni miguu tu, Joyline! Kwani wewe ni daktari?"

Joyline alimtazama rafiki yake kwa mshangao. Kemuma alijitwika mtungi na kupanda kilima bila kumsubiri. Maji yalimrukia shingoni, na aibu ilimchoma vibaya sana. Alikuwa amemfokea rafiki yake kwa ajili ya uongo.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama ameketi sakafuni jikoni, mgongo ukutani. Chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, ilikuwa mapajani mwake, haijachambuliwa. Alikuwa akitazama ukuta wa mbele, na ukutani hapakuwa na kitu.

"Mama, unalia?"

"Silii," Bonareri alisema. "Nimechoka mpaka machozi yenyewe hayaji." Akaiweka chinsaga kando. "Jana nilimfokea Magokoro. Nilimshika mkono kwa nguvu. Unajua, Kemuma, sikujua kama mimi ni mtu wa kumfanyia mgonjwa hivyo. Nikijitazama siku hizi, sijijui."

Maneno hayo yalimtisha Kemuma kuliko kitu chochote alichokwisha kusikia. Nyanya kusahau lilikuwa jambo moja. Lakini Mama naye akipotea, atabaki na nani? Mama aliyekuwa na marafiki kote Nyaramba sasa alikuwa hatoki, hacheki, hasalimu mtu. Alikuwa akiisha mbele ya macho ya mwanawe. Kemuma alichambua chinsaga ile mwenyewe, haraka haraka, akiomba moyoni apatikane mtu wa kuwasaidia. Ila angetoka wapi mtu huyo, na wao wamefunga mlango?

Alasiri ilifika. Ijumaa alasiri Nyaramba si wakati wa mchezo. Jua likitua Sabato imeingia, kwa hiyo kila nyumba inapika, inafua, inapiga pasi, inang'arisha viatu. Moshi hutoka kila jiko, na harufu ya vitunguu hutembea kijiji kizima. Mama alikuwa nje chini ya paa la jikoni, akipiga pasi ya makaa. Kemuma aliachwa ndani na Nyanya.

Nyanya alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani. Alimwona Kemuma akiingia, uso wake ukachangamka.

"Mama! Mbona umechelewa? Nimekungoja tangu jana."

Siku nyingine Kemuma angenyamaza tu. Lakini siku hiyo alikuwa ameushiba uongo. Amemdanganya Joyline, amemdanganya mchungaji, amemdanganya kila mtu njiani. Alisema moyoni, angalau humu ndani ya nyumba nitasema kweli.

Akapiga magoti mbele ya nyanya yake. "Magokoro, mimi si mama yako. Mimi ni Kemuma, mtoto wa Nehemiah. Mama yako alikufa."

Macho ya Nyanya yalitembea taratibu usoni pa mjukuu wake.

"Alikufa?"

"Ndiyo, Magokoro."

"Na hakuna aliyeniambia?"

Alisimama. Yule mwanamke waliyesema ana miguu mibaya alisimama wima, akapita mlangoni, akafika uani. Akaweka mikono yote miwili kichwani. Kisha akalia.

Kama hujawahi kusikia kilio cha msiba kule kwetu, sijui nikueleze vipi. Hakifanani na kilio cha mtu aliyeumia. Ni sauti inayotoka tumboni na kupanda, "Uuuwi! Uuuwi, mama yangu!" nayo hailengi mtu mmoja. Inapelekwa kwa vilima vyote. Nyanya Nyakerario, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akinong'ona tu, alitoa sauti iliyoteremka bondeni, ikavuka mto, ikapanda ng'ambo. Kemuma alisimama mlangoni akimtazama. Hakujua kwamba mwili ule mdogo una sauti kubwa hivyo.

Ng'ambo ya mto mwanamke mwingine akaitikia. Halafu mwingine, juu karibu na kanisa.

"Mungu wangu," Mama alisema. Alikuwa amesimama na pasi mkononi, moshi wa makaa ukimpanda usoni. "Kemuma, umemwambia nini?"

Hapakuwa na muda wa kujibu. Kilio cha msiba kikisikika, Mkisii haulizi kwanza. Anaacha alichoshika anakuja. Na wakaja! Kemuma aliwaona wakitokea kwenye vijia vyote kati ya chai, wanawake na leso zimefungwa kiunoni, mikono ina unga, mmoja bado amekamata mwiko. Wanaume walikuja na mashoka ya kupasulia kuni. Mtu mmoja alibeba mkungu wa ndizi begani. Vijana wawili walikuja wakikimbia na viti vya plastiki vya kanisa vilivyopangwa vichwani, wakipiga kelele, "Vingine viko njiani!" Waliacha vyungu motoni, Ijumaa, Sabato ikikaribia, wala hakuna aliyelalamika. Kemuma hakuwahi kufikiri kuwa nyumba yao iliyofungwa kufuli ilikuwa na watu wengi hivyo waliokuwa tayari kuikimbilia.

Mbele yao alikuwa Mzee Obadiah, mzee wa kijiji, koti lake limefungwa vifungo vibaya kwa haraka. Alimtazama Nyanya aliyeketi chini sasa akilia, akamtazama Bonareri.

"Mama Kemuma, poleni sana. Ni nani? Ni Nehemiah?"

Bonareri alifungua mdomo. Kemuma alimwona mama yake akitafuta uongo, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Angeweza kusema Nyanya ameota ndoto. Angeweza kusema ni homa. Watu wote walikuwa wakimtazama.

Bonareri aliiweka pasi chini.

"Hakuna aliyekufa leo," alisema. "Anayeliliwa ni mama yake Magokoro. Alikufa zamani, Nehemiah akiwa mtoto mchanga. Magokoro ni mgonjwa. Anasahau. Anatusahau sisi, anasahau siku, anasahau waliokufa. Leo ameambiwa mama yake amekufa, na kwake yeye amekufa leo. Hana miguu mibaya. Tuliwadanganya. Tulikuwa tunaogopa." Hapo machozi aliyosema hayaji yakaja, mengi, wala hakuyafuta.

Mwanamke mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake, lakini wote wakamsikia. "Si ndiye yule aliyeonekana kwenye chai alfajiri?"

Ndiyo haya sasa, Kemuma aliwaza. Sasa watasema lile neno.

Ndipo Tryphosa, nyanya yake Joyline, aliposogea. Alikuwa mzee, anatembea kwa fimbo. Aliwapita watu wote, akavua viatu vyake vya plastiki, akaketi chini kwenye udongo kando ya Nyanya, miguu imenyooshwa mbele kama wafiwa wanavyokaa.

"Nyakerario," alisema. "Wanasema mama ametutoka?"

Nyanya aligeuka. Alimtazama kwa muda.

"Ametutoka, Tryphosa," alijibu.

Kemuma alishika mwimo wa mlango. Nyanya alikuwa hamjui mwanawe wa kumzaa. Jina la Tryphosa amelipata wapi, katika giza lile lote?

Tryphosa akainua sauti, akamlilia Kemuma wa kwanza. Hakuigiza. Alimlilia kweli, kwa kuwa alimjua. "Uuuwi, Kemuma! Kemuma uliyetuvusha mto ukiwa umefurika, mtoto mmoja mmoja mgongoni! Kemuma ambaye jiko lako lilikuwa jiko la njia nzima, mpita njia hakupita bila ugali wa wimbi! Kemuma uliyeninyoa nywele nilipofiwa na mume, na mimi mgeni wa kuolewa, nisiye na dada hapa!" Kisha akawageukia watu, machozi yakimtiririka. "Ninyi vijana hamjui. Mama huyu alipokufa, Nyakerario alikuwa amejifungua Nehemiah siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imekata njia. Hakwenda maziko. Nguvu zake ziliporudi watu walimwambia, umepata mtoto wa kiume, nyamaza, shukuru Mungu. Akanyamaza. Mimi nilikuwako. Hakuwahi kumlilia mama yake mpaka leo."

Upepo ulipita kwenye migomba. Mzee Obadiah alivua kofia yake, akaishika kifuani. Aligeuka akawatazama wanakijiji wake, akakaribia kuwafokea.

"Sasa mmesimama kwa nini? Hapa kuna msiba. Kaeni!"

Wakakaa. Wote. Mwanamke aliyenong'ona naye akakaa, akiona haya. Wanaume wakapasua kuni, moto ukawashwa uani. Wanawake wakamzunguka Nyanya, mmoja akimshika bega, mwingine akimshika mkono, wakaimba nyimbo za maziko kwa sauti zile nne za kanisani kwetu, zilizofundishwa vizuri, sauti ya chini ikinguruma mpaka kwenye udongo. Kemuma alisimama akisikiliza. Alikuwa na jina hili maisha yake yote, kama vile mtu anavyokuwa na kovu au kidole, wala hakujua lilikuwa la mwanamke wa namna gani. Sasa kijiji kizima kilikuwa kikilitaja, na kila aliyelitaja aliinamisha kichwa.

Taratibu kilio cha Nyanya kikapungua. Akapewa uji, akanywa. Alijifuta uso kwa leso, akanyoosha mgongo, akaongea kama mwenye nyumba anavyowaambia waombolezaji.

"Asanteni kwa kuja kumzika mama. Mungu awarudishe salama makwenu."

Ni hapo hapo Baba alipofika. Mtu alikuwa amempigia simu njiani, "Nehemiah, kwako kuna kilio." Aliruka kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama sawasawa, kiatu kimoja kimejaa matope, akapasua umati, uso umebadilika rangi. Alipomwona mama yake hai, ameshika kikombe, alisimama pale pale.

Nyanya alimtazama kwa upole. "Kijana, karibu. Umetoka mbali kuja kunipa pole. Keti, ule."

Baba akaketi. Alipewa kipande cha ndizi ya kuchemsha, akala huku akilia, mbele ya watu wote, wala hakwenda nyuma ya zizi.

Kabla jua halijatua watu waliondoka, maana Sabato ilikuwa mlangoni. Mikungu ya ndizi waliiacha, na unga, na kuni zilizopasuliwa.

Jumapili asubuhi alikuja mgeni. Aliitwa Phanice, mhudumu wa afya ya jamii pale Nyaramba, naye Ijumaa alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Alikaa na familia yote sebuleni.

"Ugonjwa huu unaitwa dimenshia," alieleza. "Ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, si uchawi, si uzee tu. Mtampeleka hospitali wampime vizuri, kwa sababu kuna vitu vingine vinavyosahaulisha na vinatibika. Lakini kama ni huu ninaoufikiria, sitawadanganya. Kuuponya hatuwezi. Kinachowezekana ni yeye kuishi vizuri, na ninyi pia." Akamgeukia Bonareri. "Na wewe, mama, unaishije?"

"Mimi?" Bonareri alishangaa. "Anayeumwa ni Magokoro."

"Nimemwona Magokoro. Nakuuliza wewe. Watoto wako wakikumbuka miaka hii baadaye, ungependa waseme mama yetu alikuwa mtu gani?"

Bonareri alitazama mikono yake. "Ningependa waseme nilikuwa mpole," alisema mwishowe. "Na kwamba watu walikuja kwangu. Na kwamba nilicheka. Zamani nilikuwa nacheka, dada, uliza yeyote."

"Basi ugonjwa ni wake, lakini hayo matatu ni yako. Haujakunyang'anya. Umeyaweka chini kwa sababu mikono imejaa. Mtu asiyelala hawezi kuwa mpole hata akiwa malaika. Kwa hiyo swali ni moja. Nani atakushikia mzigo kidogo, ili uyaokote?"

Hilo halikuhitaji kutafutwa mbali. Tryphosa alitaka kukaa na rafiki yake kila Jumatano, na alisema atakasirika akikataliwa. Baba alisema heshima inamzuia mambo ya chumbani, lakini haimzuii kumpikia mama yake uji wala kutembea naye shambani Jumapili. "Nilijificha nyuma ya desturi," alikiri. Phanice naye aliwaambia kuna kikundi cha watu wanaotunza wagonjwa kama hawa, kinachokutana kwenye zahanati, na kwamba Bonareri atashangaa atakaowakuta huko. Alipokwenda alimkuta mke wa mchungaji.

Lakini Kemuma alikuwa na swali lake, nalo lilikuwa limemkosesha raha siku zote hizo. Alilitoa siku moja akichuma chai na mama yake, ukungu ukipanda kutoka bondeni.

"Mama, Ijumaa ile nilisema ukweli. Nikamliza Magokoro. Sasa akiniita mama nifanye nini? Nikikubali si nimedanganya?"

Bonareri aliacha kuchuma.

"Ukweli tuliokuwa nao ulikuwa wa kuwaambia majirani," alisema. "Huo tukauficha, na ulipotoka ukatuletea watu na kuni na uji. Wewe sikulaumu, ni sisi wakubwa tuliokushibisha uongo. Lakini Magokoro hakuwa amekuuliza nani amekufa, mwanangu. Alikuwa anamtaka mama yake, wewe ukampa kaburi. Usimwambie wewe ni mama yake, na usimwambie amekufa. Muulize habari zake. Akikwambia amemkosa mama, mwambie akusimulie. Hapo hujadanganya, na hujamuumiza. Kusema kweli ni lazima, lakini anza kwa kumtazama huyo unayemwambia."

Kemuma alijaribu siku hiyo hiyo. Nyanya alipomuuliza, "Mama amechelewa, ama?" Kemuma aliketi kando yake akasema, "Magokoro, nisimulie habari za mama." Nyanya akasimulia. Alisimulia mto, na wimbi, na jinsi mama yake alivyopiga mluzi akipalilia ingawa wanawake walikatazwa. Alisimulia mpaka chai ikapoa. Jina la mjukuu wake halikurudi kichwani mwake, lakini alimshika mkono muda wote huo. Kemuma alisikiliza kinywa wazi. Watu wote wale walikuwa wamekaa ndani ya nyanya yake siku zote, wazima, na yeye alikuwa akijaribu kuwafukuza.

Jumatano moja, Tryphosa akiwa ameshika zamu, Mama na Kemuma walitembea pamoja kwenda sokoni. Mama alisimama kila hatua kusalimu watu. Alicheka na muuza viazi mpaka akashika mbavu. Kemuma alimtazama kwa furaha, halafu wazo likamjia ghafla, baridi, akasimama njiani.

"Mama, na wewe je? Siku moja ukinisahau mimi?"

Bonareri naye akasimama. Hakumwambia mwanawe kuwa halitatokea, maana hakujua, na uongo alikuwa ameshaumaliza.

"Nikikusahau," alisema, "njoo ukae karibu nami, uniulize habari za Kemuma. Utasikia jinsi nilivyokupenda."

Kemuma aliushika mkono wa mama yake, wakaendelea kuteremka sokoni.